Vipimo ni Safi, Lakini Bado Panawaka: Kuyaelewa Maumivu Sugu ya Sehemu za Nje za Uke

Kaa na wanawake wanaoaminiana, iwe kwenye kundi la WhatsApp, kikoba au barazani wakisukana nywele, na swali hili utalisikia kwa sura tofauti tofauti. Mmoja anaulizia dawa ya "UTI sugu". Mwingine ana fangasi isiyosikia dawa, na vidonge ameshameza vya kila rangi. Wa tatu anasubiri watu wapungue, halafu anauliza kwa sauti ya chini kama ni kawaida mtu aliye mwaka wa nne kwenye ndoa kuumia kila tendo kama usiku wa kwanza.

Majibu hayachelewi. Kitunguu saumu. Ndimu. Mvuke wa majani. Shabu. Mganga fulani wa jini mahaba, namba hii hapa.

Wapo kati yao wenye UTI kweli, na wenye fangasi kweli. Lakini wapo pia wasio na hiki wala kile. Hao wana maumivu yenye jina lake na tiba zake, na wengi wamezunguka miaka kutoka duka la dawa hadi zahanati bila mtu yeyote kuwatajia jina hilo. Nimeandika kwa ajili yao kwanza. Waume zao nao wasome, kwa sababu maumivu haya yanaweza kuzidishwa na maneno yanayosemwa chumbani.

Neno moja limebebeshwa mengi

Tatizo linaanzia kwenye lugha. Tukisema "uke" tunamaanisha kila kitu kilicho huko. Kitaalamu, uke ni njia ya ndani tu, kuanzia mlangoni hadi kwenye shingo ya kizazi. Vilivyoko nje, yaani mashavu makubwa na madogo, kisimi, tundu la mkojo na mlango wenyewe, kwa pamoja huitwa vulva. Kiswahili kina neno lake la asili la sehemu hiyo na kamusi bado zinalo, ila tumeligeuza tusi zito kiasi kwamba mwanamke hawezi kulitamka mbele ya daktari. Anachobaki nacho ni "huku chini". Na "huku chini" mhudumu anaweza kulisikia kama kibofu, kama kizazi, kama chango, kama lolote.

Kuna sehemu moja ya vulva ambayo nataka uijue vizuri. Waliowahi kuingia katika nyumba za mawe za Lamu au Mji Mkongwe wanajua daka: kile kijisehemu kabla ya mlango, si barabarani tena na si ndani bado, chenye viti vya mawe ambapo mgeni hungoja kukaribishwa. Mwili wa mwanamke nao una daka lake. Ni ile ngozi laini, yenye unyevu, iliyo katikati ya mashavu madogo na kuuzunguka mlango wa uke. Madaktari huiita vestibuli, neno la Kilatini lenye maana hiyohiyo ya ukumbi wa mlangoni, kwa hiyo sidhani kama tunakosea tukiita daka.

Maumivu mengi tunayoyazungumzia hapa yanakaa dakani. Na mara nyingi hayaonekani kwa sababu rahisi sana: mpimaji anaingiza spekulamu, kile kifaa cha kupanulia uke, moja kwa moja, anamulika shingo ya kizazi, anasema "mbona kusafi". Amepita dakani bila kutazama.

Jina la kitaalamu ni vulvodinia. Maana yake ni maumivu ya vulva yaliyodumu kwa angalau miezi 3, bila ugonjwa dhahiri unaoyaeleza. Ufafanuzi huo ulikubaliwa mwaka 2015 na jumuiya kadhaa za kimataifa za wataalamu, ikiwemo ile ya magonjwa ya vulva iliyoanzishwa mwaka 1970. Soma vizuri hapo: bila ugonjwa *dhahiri*. Hawakusema maumivu hayo hayana chanzo. Wamesema chanzo chake hakionekani kwa macho wala kwenye kipimo cha kawaida, kama umeme unaoruka ndani ya ukuta wakati rangi ya ukuta haina hata doa.

Wala haya si maradhi ya "wanawake wa siku hizi". Daktari T. Galliard Thomas wa New York aliyaandika mwaka 1880, akaeleza wanawake ambao kuguswa kidogo tu kwenye vulva kuliwaumiza vikali na yeye haoni kidonda. Katika utafiti wa Boston uliochapishwa mwaka 2003, watafiti waliuliza karibu wanawake 5,000, na takriban 16 katika kila 100 walisema wamewahi kupata maumivu ya namna hii yaliyodumu miezi 3 au zaidi. Karibu 40 kwa mia ya wenye maumivu hawakuwahi kutafuta matibabu. Kati ya waliotafuta, 60 kwa mia walipita kwa madaktari watatu au zaidi. Hiyo ni Marekani, yenye hospitali zake zote.

Yanavyohisi

Wanawake wengi hawasemi "inauma". Wanasema panawaka, panachoma kama pilipili, panakwaruza kama ngozi iliyochubuliwa ikamwagiwa chumvi. Kuna ambao moto huo upo saa zote, unapanda na kushuka bila kuguswa. Kuna ambao hauji mpaka paguswe: tendo la ndoa, kidole cha mpimaji, suruali ya jinzi, kiti cha bodaboda kwenye barabara ya mashimo, hata kujifuta baada ya haja ndogo. Wengine wanaumwa dakani peke yake, wengine kisimi peke yake, wengine vulva nzima. Kuna aliyeumia tangu jaribio la kwanza kabisa, na kuna aliyeishi vizuri miaka mingi, akazaa, halafu siku moja ikaanza.

Tofauti hizi zina kazi, maana tiba inazifuata. Lakini kabla hujafika huko, kuna mlolongo wa magonjwa *yanayoonekana* ambayo lazima yatafutwe kwanza.

Kabla hayajaitwa vulvodinia

Fangasi ndiyo inayosingiziwa kuliko zote. Ni kweli ipo sana; wanawake wengi huipata angalau mara moja maishani. Lakini katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, watafiti Marekani waliwapima wanawake 95 waliokuwa wamekwenda dukani kujinunulia dawa ya fangasi kwa kuwa walikuwa na hakika wanayo. Takriban theluthi moja tu ndio waliokutwa na fangasi peke yake. Waliobaki walikuwa na mambo mengine, au hawakuwa na maambukizi yoyote.

UTI ya mitaani nayo ni hivyohivyo. Mwanamke anasema panachoma akikojoa. Anapimwa mkojo, zinaonekana chembe kidogo za usaha ambazo pengine zimetoka ukeni, anapewa antibiotiki. Antibiotiki inaua pia bakteria walinzi wa uke, fangasi inapata nafasi, anarudi na muwasho, anapewa dawa ya fangasi, inamchubua. Mwezi unaofuata anaanza upya. Jambo dogo la kujiuliza: mkojo unachoma ukiwa bado njiani, ndani, au unachoma ukishatoka na kugusa ngozi ya nje? Kuchoma kwa ndani kunaelekea kwenye njia ya mkojo. Kuchoma kwa nje kunaelekea kwenye vulva. Swali hili halichukui nafasi ya kipimo, lakini linamwelekeza mpimaji pa kutazama.

Kwetu kuna ugonjwa mwingine ambao makala za Ulaya huwa hazina haja ya kuutaja: kichocho. Tumezoea kukiita ugonjwa wa watoto wanaokojoa damu, lakini mayai ya minyoo ya kichocho cha mkojo yanaweza kukwama kwenye shingo ya kizazi, ukeni na kwenye vulva, yakaleta uvimbe, vidonda na mabaka yanayofanana na chembe za mchanga. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wanawake na wasichana hadi milioni 56 barani Afrika wana kichocho cha sehemu za uzazi. Kama ulikulia Pemba, au mabonde ya pwani, au Kanda ya Ziwa, ukafua na kuoga kwenye madimbwi na mito ya huko, mwambie daktari hivyo. Wanawake wengi wa namna hii wametibiwa magonjwa ya zinaa ambayo hawakuwa nayo, na ndoa zimevunjika kwa tuhuma za uzinzi, kumbe tatizo lilitoka kwenye maji ya utotoni. Dawa yake ni prazikwanteli, ileile wanayopewa watoto shuleni. Inaua minyoo, ingawa makovu yaliyokwishajengeka yanaweza kubaki.

Kuna likeni sklerosusi, ugonjwa wa ngozi unaofanya vulva kuwa nyeupe na nyembamba kama karatasi ya sigara, na kuwasha hadi usiku hakulaliki. Huu usiachwe. Usipotibiwa, mashavu madogo hunywea na kugandana, na kwa wanawake wachache hufikia kuwa saratani. Unatulizwa kwa mafuta makali ya steroidi, kama klobetasoli, kwa usimamizi wa daktari. Hii ndiyo mara moja nitakayotaja mafuta hayo kwa wema. Kujipakia kiholela mafuta ya steroidi ya dukani kunachosha ngozi na kuficha ugonjwa.

Kuna kupungua kwa homoni ya estrojeni. Ngozi ya dakani inaitegemea homoni hii kama mche unavyotegemea maji. Mwanamke aliyekoma hedhi anaijua hali hiyo, ila mama anayenyonyesha huwa haambiwi. Anaona uke umekauka na panachoma, anadhani hampendi tena mumewe, wakati mwili umepunguza estrojeni kwa sababu ya maziwa, na kwa kawaida itarudi. Baadhi ya wanawake huona mabadiliko kama hayo wakiwa kwenye njia za uzazi wa mpango zenye homoni. Ukihisi hivyo, usiache njia yako kimyakimya ukapata mimba usiyoitaka. Nenda ukazungumze juu ya kubadilisha.

Na kuna ukeketaji. Takwimu za mwaka 2022 zinaonyesha asilimia 8 ya wanawake wa Tanzania na asilimia 15 ya wanawake wa Kenya, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wamekeketwa. Baadhi yao wana kovu lililofungia ndani yake ncha ya mshipa wa fahamu uliokatwa. Ncha hiyo inajikunja na kuwa kifundo, na kikiguswa kinapiga kama shoti. Wengine wana vivimbe vilivyokua taratibu chini ya kovu kwa miaka. Hao wana chanzo kinachoonekana, na upasuaji unaweza kuwasaidia. Mwanamke aliyeshonwa, kama ilivyo kwa wengi Garissa, Wajir na Mandera, anaweza kufunguliwa na mtaalamu. Ninasema hivi kwa sababu wapo wanaoamini kwamba kwa kuwa lilifanyika utotoni, basi ndiyo imeshapita na hakuna la kufanya.

Yote yakiwa safi, nini basi kinachoumiza?

Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa, na hapa ndipo mhudumu aliyechoka huwa anatamka lile neno, "una mawazo tu".

Fikiria king'ora cha gari kilichoharibika. Kimewekwa kimlilie mwizi. Siku za mwanzo kilikuwa na akili: gari lisukumwe, kilie. Sasa bodaboda ikipita kinalia. Paka akiruka kwenye boneti kinalia. Kelele ni za kweli, mtaa mzima umeamka, ila mwizi hayupo. Mishipa ya fahamu ya dakani inaweza kufikia hali hiyo. Wanasayansi waliochukua vipande vya ngozi ya wanawake wenye maumivu haya wamekuta nyuzi za fahamu zikiwa nyingi kuliko kawaida, zimesongamana. Baadaye na uti wa mgongo na ubongo hujifunza kuukuza ujumbe huo. Pamba inagusa, ubongo unapokea moto.

Kitu kinachokiharibu king'ora hicho kwa mara ya kwanza hakifanani kwa watu wote. Fangasi zinazojirudia zinaweza kuchangia, hata baada ya zenyewe kuisha. Vilevile homoni, maumbile ya kurithi, kuchanika wakati wa kujifungua. Tena wanawake hawa wana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa pia na tumbo linalosumbua bila vidonda, au kibofu kinachouma bila vijidudu.

Halafu kuna misuli. Chini ya nyonga kuna misuli iliyotandikwa kama kamba za kitanda cha mwakisu, inabeba kibofu, kizazi na utumbo, na inauzunguka mlango wa uke. Mtu anayeumizwa mahali hukaza misuli ya mahali hapo, ndivyo tulivyoumbwa. Umewahi kubeba ndoo ya lita 20 kutoka bombani hadi nyumbani bila kupumzika? Ukiitua, vidole havikunjuki. Vimekunjika kwenye mpini usiokuwepo tena, na ukivilazimisha vinauma. Misuli ya nyonga ikikazwa kwa miezi inakuwa hivyo. Sasa maumivu yanakaza misuli, misuli iliyokazwa inaleta maumivu, na tendo linalofuata linagonga kwenye mlango ambao mwili wenyewe umeufunga kwa ndani.

Kwa hiyo hofu ipo, na sitaki kuificha. Mwanamke aliyeumia mara hamsini ataogopa mara ya hamsini na moja. Lakini hofu hiyo imezaliwa na maumivu, halafu ikageuka kuwa mlezi wake. Kumwambia "tulia tu" ni kama kumwambia mwenye vidole vilivyokakamaa aache kukunja mkono.

Simulizi la jini mahaba nalo ninalielewa limetoka wapi. Mwanamke anampenda mumewe, anamtaka, na kila akikaribiwa mwili unakataa kama vile una mume mwingine anayeulinda. Katika nchi ambayo hakuna aliyewahi kukutajia vulvodinia, hayo ndiyo maelezo pekee yaliyolingana na unachokiona. Anayetaka kusomewa dua na asomewe, dua haina madhara. Yenye madhara ni yale ya kufukiziwa, kuwekewa dawa ukeni na kuambiwa uvumilie mwasho kwa kuwa "ndiyo jini linatoka".

Kijiti cha pamba

Kipimo chenyewe ni cha bei ndogo kiasi cha kushangaza. Kinataka kijiti cha pamba kama kile cha masikio, kikiwa safi, kilicholoweshwa kidogo, na mpimaji asiye na haraka.

Mwanamke amelala chali, khanga imefunika mapaja. Mpimaji anaanzia mbali, kwenye paja la ndani, ili mwili uzoee kuguswa na ili mwanamke ajue mguso wa kawaida ukoje. Anakuja kwenye mashavu makubwa, halafu madogo, kila mara akisema anapogusa kabla hajagusa. Ndipo anafungua taratibu na kufika dakani. Anapafikiria kama uso wa saa: saa kumi na mbili ya juu upande wa kisimi, saa sita ya chini upande wa njia ya haja kubwa. (Kwa kuhesabu saa kwetu, mpimaji na mwanamke wakubaliane kwanza juu ni saa ngapi.) Anagusa kila "saa" kwa wepesi uleule, anauliza: sifuri hadi kumi, kiasi gani? Mwanamke aliyesema sifuri, sifuri, moja, anafika sehemu ya chini ya daka, na mguu unaruka. Tisa. Hakuna wekundu wa maana, hakuna kidonda. Pamba ileile iliyogusa paja.

Ninaambatisha uzito kwenye kipimo hiki kwa sababu kinafanya kazi mbili. Kinamwonyesha daktari ramani. Na kinamthibitishia mwanamke, pengine kwa mara ya kwanza, kwamba pana mahali *hasa* panapouma, panapimika, papo.

Kinachosaidia

Anza kwa kuacha. Acha sabuni kwenye vulva, na zaidi acha sabuni ya dawa. Acha ndimu, siki, shabu, tishu za maji, pedi na marashi yenye harufu, kujifukiza udi huko, mvuke. Ngozi ya dakani haina lile tabaka gumu lililoko kwenye kiganja. Kinachowasha mkononi kidogo, pale kinaunguza. Maji matupu yanatosha nje, na ndani uke unajisafisha wenyewe. Vaa chupi ya pamba, na usiku usivae kabisa. Najua hili linagongana na mafunzo ambayo wengi wetu tumepewa na masomo na makungwi kwa nia njema, hasa juu ya kubana na kukausha. Ila uke mkavu na uliochubuka hauwezi kuwa fahari ya yeyote.

Pili ni fiziotherapia ya misuli ya nyonga, na kama ningeambiwa nichague tiba moja tu ya kuisambaza nchi nzima, ningechagua hii. Nchini Kanada wanawake 212 wenye maumivu ya daka yanayokuja wakiguswa waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilifanyiwa fiziotherapia mara moja kwa wiki kwa wiki 10, jingine lilipaka dawa ya ganzi kila usiku. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021: 79 kwa mia ya waliopata fiziotherapia walisema wamepata nafuu kubwa, dhidi ya 39 kwa mia ya waliopaka ganzi.

Fiziotherapia hii haina uhusiano na yale mazoezi ya kubana yanayotangazwa mitandaoni. Kwa misuli iliyokwishakazwa, kubana zaidi ni kuongeza ndoo ya pili. Kinachofundishwa ni *kuachia*. Zoezi la mwanzo unaweza kulijaribu leo: lala chali, kunja magoti, weka mkono tumboni, vuta pumzi polepole mpaka tumbo liuinue mkono, na wakati tumbo linapanda legeza kule chini kama unavyolegeza mkojo unapoanza kutoka. Dakika 5, mara mbili kwa siku. Baadaye mtaalamu huongeza mkono wake, akikandamiza misuli iliyoshika kwa ndani, na vipanuzi vya ukubwa tofauti ambavyo mwanamke anavitumia mwenyewe, kwa kasi yake. Wataalamu wa viungo tunao, kwenye hospitali za rufaa na hata za mikoa, ila wengi wanatibu migongo na waliovunjika. Uliza waziwazi kama kuna anayetibu nyonga za wanawake. Wanaohudumia akina mama baada ya fistula mara nyingi wanaijua misuli hii.

Mafuta ya ganzi, lidokeini ya asilimia 5, huwasaidia baadhi yakipakwa dakani kwa maelekezo ya daktari. Huchoma kwa dakika chache kabla ya kutuliza, na yakipakwa karibu na tendo, mume naye anapata ganzi. Kwa waliopungukiwa estrojeni, krimu yenye estrojeni kidogo ya kupaka pale pale hurudisha uhai wa ngozi.

Halafu kuna vidonge vya mishipa ya fahamu. Amitriptilini ni ya bei nafuu na ipo karibu kila hospitali. Ni dawa ya sonona, lakini kwa dozi ndogo hutumika kutuliza mishipa inayopiga kelele. Ukiona kwenye kikaratasi kwamba ni ya sonona, usidhani daktari amekuita mgonjwa wa akili. Nisikuahidi makubwa, hata hivyo: ushahidi wake kwa maumivu haya si mzito, na gabapentini, dawa nyingine ya mishipa ya fahamu, ilipojaribiwa kwa umakini katika utafiti uliochapishwa 2018, haikukishinda kidonge cha kulinganishia kisicho na dawa ndani. Kuna wanaosaidika, kuna wasiosaidika, na mwenye kuamua kujaribu ajue hivyo tangu mwanzo.

Upasuaji wa kuondoa kipande cha ngozi ya daka upo pia. Ni kwa wenye maumivu ya daka pekee, baada ya mengine kushindikana, na kwa daktari aliyeufanya mara nyingi. Wengi wa waliochaguliwa vizuri hupata nafuu.

Na mazungumzo na mtaalamu wa saikolojia ni tiba kamili, hasa mume akihudhuria. Yanafanya kazi kwenye ile sehemu ya king'ora iliyoko ubongoni.

Kuhusu tendo lenyewe nitasema moja kwa moja. Kuvumilia hakuponyi. Kila tendo la kuumia linaufundisha mwili kwamba mwili ulikuwa sahihi kujifunga. Wakati wa matibabu acheni kuingiliana kwa muda, mkabaki na mapenzi mengine yote, na mume ajue kwamba mlango umefungwa na misuli, hakufungiwa na moyo. Mtakaporudi, tumieni kilainishi kingi. Mafuta ya nazi ni mazuri na yapo kila jikoni la pwani, ila mafuta yanaharibu kondomu za mpira. Kama mnatumia kondomu, tafuteni jeli ya maji. Wala ndoa na uzazi si dawa. Msichana anayeumia akiambiwa "ukizaa itaisha" anapewa matumaini yasiyo na msingi, na wengine huanza kuumia *baada* ya kuzaa.

Usingoje miezi 3 ukiona kidonda, uvimbe, doa jeupe au jeusi jipya, damu baada ya tendo, damu baada ya kukoma hedhi, au homa pamoja na maumivu ya tumbo la chini. Hayo ni ya kwenda wiki hii.

Ukiamua kwenda, nenda umejiandaa. Chukua kioo kidogo, chuchumaa penye mwanga, tafuta kwa ncha ya kidole safi panapouma hasa na panapoishia. Andika kwenye simu lini yalianza, nini kinayaamsha, dawa gani umeshatumia na kama zilisaidia hata siku mbili. Halafu mlango ukifungwa nyuma yako na mhudumu akauliza unasumbuliwa na nini, usiseme "huku chini". Sema hivi, hata kwa kusoma kwenye simu:

"Nina maumivu kwenye mlango wa uke, kwa nje, si tumboni. Yana miezi minane. Yanawaka nikiguswa. Nimetibiwa UTI mara tatu na fangasi mara nne bila kupona. Naomba, kabla hujaingiza kifaa, unitazame kwanza nje, na unipime kwa pamba sehemu moja moja."